Bee Gees waliimba kisiwa walichokiacha wakiwa watoto. Je, mimi naweza kuiimba Pemba?

MwanaWete (Mbagala) ameuliza:

Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Nimezaliwa Wete, Pemba. Baba alipopata fremu ya kuuza nguo Kariakoo tukahamia Dar, sijaanza hata shule, na tangu hapo mimi ni mtu wa Mbagala. Naimba kwenye kikundi kidogo cha taarab: kinanda, gitaa, ngoma na waitikiaji. Mwezi ujao watu wa kwetu waishio Dar wana hafla ya kuchangia paa la chuo kilekile cha Qur'ani nilichoanzia alifu, na nimeombwa niimbe.

Kaka yangu amenirushia wimbo wa Bee Gees unaoitwa Ellan Vannin. Bee Gees nilikuwa nawajua kwa nyimbo za disko ambazo baba alikuwa anaziweka Ijumaa usiku akifunga hesabu. Huu ni kitu kingine kabisa, umetulia, wanaimba kama watu walio mezani kwa mama yao. Kaka akaniambia wanakisifu kisiwa walichozaliwa. Nikausikiliza mpaka bando likakata. Nataka kuchukua mahadhi yake nitie maneno yangu kuhusu Pemba.

Ubeti wa kwanza nimeuanza hivi:

*Uani kwa bibi yangu, karafuu zakauka,*
*Na hivi vidole vyangu, harufu haijatoka,*
*Wete uko moyoni mwangu, siku zote nakumbuka…*

Wa nne bado. Nikamwimbia shangazi yangu, dada yake baba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele ya watu: "Pemba ya kuhadithiwa haiimbwi. Wewe umetoka huko unabebwa."

Nimekosa usingizi. Naomba mnisaidie mambo haya. Bee Gees waliutunga wenyewe ule wimbo? Walikaa kisiwani kwao kwa muda gani? Kuna mtu kaniambia ni wimbo wa meli iliyozama. Kama ni kweli nauacha leo hii, maana watu wa Pemba hatujasahau Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander, na sitaki kumliza mtu kwenye hafla ya kuchangia paa. Na mahadhi ya watu unaruhusiwa kuyatumia?

FundiKaseti (Kariakoo) amejibu:

Marahaba mwanangu. Hilo la usingizi nalielewa, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Nilikuwa narekodi kaseti hapa Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mteja analeta kaseti tupu ya dakika sitini au tisini na karatasi yenye orodha ya nyimbo, anarudi kesho yake jioni. Bee Gees walikuwa kwenye karatasi nyingi mno, hasa baada ya zile nyimbo za filamu ya Saturday Night Fever ya mwaka 1977. Nimewasikiliza ndugu hawa kwa kazi na kwa mapenzi, na bado nawapenda.

Kisiwa chao kinaitwa Isle of Man. Kiko baharini katikati ya Uingereza na Ireland, ni kidogo kuliko Pemba, na wenyewe hukumbusha kila mgeni kwamba wao si sehemu ya Uingereza: wana bunge lao, Tynwald, la zamani sana. Ellan Vannin ni jina la kisiwa hicho kwa lugha yake ya asili. Mkubwa wao, Barry Gibb, alizaliwa huko mjini Douglas tarehe 1 Septemba 1946. Pacha Robin na Maurice wakafuata tarehe 22 Desemba 1949. Baba yao, Hugh, alikuwa mpiga ngoma na kiongozi wa bendi iliyopiga kwenye mahoteli ya pale, wakati wageni wa kiangazi wakija kwa meli kuogelea na kucheza dansi.

Mwaka 1955 familia ikahamia Manchester. Barry alikuwa na miaka minane, wale pacha mitano. Mwaka 1958 wakapanda meli kwenda Australia, wakakaa Redcliffe kule Queensland, na huko ndiko walikoanza kuitwa Bee Gees. Uingereza wakarudi mwanzoni mwa 1967 wakiwa vijana wanaojulikana. Kwa hiyo unapomsikia Robin au Maurice anakiimba kisiwa, unamsikia mtu aliyetoka huko akiwa na umri ambao wewe ulikuwa unajifunza alifu na be. Shangazi yako angemwambia maneno yaleyale.

Wimbo hawakuutunga. Ni shairi la mwaka 1854 la mwanamke aitwaye Eliza Craven Green, ukatiwa mahadhi, ukawa wimbo ambao watu wa kisiwa kile wanaujua tangu utotoni. Na sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya niandike jibu refu: Eliza mwenyewe hakuzaliwa kisiwani. Alizaliwa Leeds, Uingereza bara, akaishi kisiwani ujanani, akaondoka. Shairi lake ni la mtu aliye mbali. Shughuli za mchana zimekwisha, amekaa peke yake chini ya nyota amechoka, na kisiwa kinamjia mbele ya macho na vilima vyake vya kijani kando ya bahari. Aliyekaa kisiwani hana haja ya kukiona kwa namna hiyo. Anafungua dirisha tu.

Kwa hiyo aliyeandika alikuwa mtu wa kuja, walioimba walikuwa watu wa kuondoka, na wenyeji wameupokea. Bee Gees waliurekodi mwaka 1997 kwa nakala chache, fedha zikaenda kwenye shughuli za hisani za kisiwani. Tena wakaubeba kwenye majukwaa yao makubwa, wakauimba mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo. Kisiwa hakikuwasahau: tangu 2021 sanamu yao watatu iko Douglas, barabara ya ufukweni. Maurice alikuwa amefariki Januari 2003 na Robin Mei 2012, kwa hiyo aliyebaki ni Barry.

Sasa meli. Huyo aliyekwambia amechanganya nyimbo mbili. Kulikuwa na meli iliyoitwa kwa jina la kisiwa, Ellan Vannin. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1909 iliondoka Ramsey kwenda Liverpool, ikapigwa na dhoruba, ikazama karibu na mdomo wa mto Mersey, na hakupona hata mmoja. Wimbo wa msiba ule ni mwingine kabisa, wa miaka mingi baadaye, uliotungwa na Hughie Jones wa kundi la The Spinners. Bee Gees hawaimbi meli. Lakini umefanya vizuri kuuliza. Watu waliompoteza mtu kwenye Spice Islander pale Nungwi watakuwepo ukumbini, na mmoja wao akiwahi kuutafuta wimbo huu mtandaoni anaweza kukutana na ile meli ya 1909 kwanza. Mwambie mshereheshaji aseme maneno mawili kabla hujaanza, kwamba ni wimbo wa salamu kwa kisiwa.

Ruhusa: mwandishi wa shairi alifariki mwaka 1866, na shairi na mahadhi ya zamani ni mali ya kila mtu kwa sasa. Ile rekodi ya Bee Gees si yako. Usiipige nyuma yako ukaimba juu yake, na usiipakie popote. Mpiga kinanda wako ayashike mahadhi kwa sikio, apige kwa mkono wake. Hapo mko salama.

Limebaki neno la shangazi. Nakuomba usilipuuze. Mistari yako miwili ya kwanza ni ya mtu aliyekuwepo. Karafuu zinakauka uani, harufu iko vidoleni, hakuna wa kukuhadithia harufu ya vidole vyako mwenyewe. Halafu unakuja na "Wete uko moyoni mwangu". Mstari huo angeweza kuuandika mtu aliyeiona Wete kwenye ramani. Hapo ndipo shangazi alipoisikia Pemba ya kuhadithiwa, nami naisikia hapohapo.

Utaniambia mbona wimbo wa Bee Gees wenyewe hauna zaidi ya vilima na bahari. Ni kweli, hauna. Lakini wao walikuta wimbo ambao wenyeji walikuwa wameshauimba kwa zaidi ya miaka mia moja. Kila kilima mle kina mtu anayekijua. Maneno yako ni mapya, hayajapita kinywani mwa mtu. Inabidi uyatie vitu.

Niambie: siku mnaondoka Wete, uliona nini? Usiniambie ulichohisi. Niambie ulichoona.

ZoukTemeke amejibu:

FundiKaseti shikamoo mzee, darasa zuri.

Dada, mimi nakuongezea Kassav', kundi la muziki wa zouk. Wanaimba Kikrioli cha Guadeloupe na Martinique, visiwa vya Karibi, na kundi lilianza mwaka 1979. Jacob Desvarieux, yule wa sauti nzito ya kukwaruza na gitaa, alizaliwa Paris, na utoto wake mwingine ulipitia Senegal. Ukiwauliza watu wa Guadeloupe kama ni mtu wao watakushangaa. Alipofariki Julai 2021, alifia kwao Guadeloupe. Hapa Temeke zouk ilipigwa kwenye kila harusi nilipokuwa mdogo, hatuelewi hata neno, na bado tulijua ni watu wanaoimba kwao.

Ila nina swali la pembeni kwa mzee. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, ni mtoto wa Mji Mkongwe. Mbona Queen hawana wimbo wa Unguja?

FundiKaseti amejibu:

Marahaba. Freddie alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, siku nne tu baada ya Barry Gibb, kila mmoja kwenye kisiwa chake. Lakini maisha yao hayakufanana. Freddie alipelekwa shule ya bweni India akiwa na miaka minane, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Kweli, albamu za Queen hazina wimbo wenye jina la Unguja wala Zanzibar. Mimi simlaumu. Mtu hadaiwi wimbo na mahali alipozaliwa, na mahali napo pana namna yake ya kumpokea: tangu 2019 kuna makumbusho yake pale Shangani, na wageni wanapiga foleni mlangoni.

Ndiyo maana nampenda huyu binti. Hakuna aliyemdai. Yeye mwenyewe ndiye anayetaka kutoa.

BiMkubwaKonde amejibu:

Mwanangu wa Wete, mie wa Konde, na sasa niko Mbagala Rangi Tatu miaka mingi. Nimesoma yote.

Shangazi yako hajakufukuza. Sie watu wa Pemba, akitutajia kwetu mtu wa bara, tunamsikiliza kwa heshima, maana ni mgeni. Mtoto wetu tunamkatisha. Angekuona mgeni angekupigia makofi.

Hilo la vidole limenishika. Karafuu hainuki vidoleni kwa kuiangalia. Hunuka kwa kuichambua, ukae na bibi yako jamvini, vishada vimemwagwa, mnatoa karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule, mpaka kucha zinakuwa za rangi ya kahawia. Watoto wadogo ndio kazi yao hiyo. Kwa hiyo kama harufu unaikumbuka, basi uliketi jamvini na ulifanya kazi, na shangazi yako pengine alikuwa pembeni yako akichambua. Muulize. Na mwache akwambie mengine, kisha uyaache hayo mengine asimulie yeye. Wewe imba yako.

Jambo jingine: usiimbe "kisiwa cha marashi" wala "kisiwa cha viungo". Hayo ya vibao vya watalii. Hakuna bibi Wete aliyewahi kusema hivyo.

MpigaKinanda_Ilala amejibu:

Naingilia upande wa ufundi tu, maana hapa mtakwama jukwaani.

Mistari ya Ellan Vannin inakwenda kwa silabi saba na nane, na kila kipande cha pili kinaishia kwenye silabi yenye mkazo. Kiswahili chetu mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukitia mizani nane kwa nane, noti ya mwisho ya vipande hivyo lazima uigawe mara mbili, ya kwanza nzito, ya pili nyepesi: *ya-NGU* itasikika vibaya, *YA-ngu* itakaa. Mwambie mpiga kinanda asiishikilie ile noti ya mwisho kama Bee Gees wanavyoishikilia. Aiachie mapema, ngoma ijaze.

Na hesabu mstari wako wa tatu: We-te u-ko mo-yo-ni mwa-ngu. Tisa. Ndio maana hata ukiuimba unauharakisha.

Msiweke mdundo wa haraka. Taratibu, ngoma ya mkono, na waitikiaji warudie kituo pekee, yaani mstari wa mwisho wa ubeti.

MwanaWete amejibu:

Nawashukuru wote. Mzee FundiKaseti, Bi Mkubwa, shikamooni tena.

Nilikwenda kwa shangazi jana jioni, nikamsomea jibu la Bi Mkubwa kwenye simu. Akanyamaza, kisha akasema ni kweli, tulikuwa jamvi moja, na mimi nilikuwa natia makonyo kwenye karafuu safi, bibi akinipiga kikofi cha mkono. Hilo sikulikumbuka kabisa. Nimeamua kuliacha, kama Bi Mkubwa alivyosema, liwe la kwake.

Mzee, umeniuliza siku ya kuondoka niliona nini. Niliona jogoo. Bibi alitupa jogoo wa kwenda naye Dar, kafungwa miguu ndani ya kapu la ukili, na kapu nimepakatishwa mimi. Chombo kilipoondoka bandarini kulikuwa bado giza, na yule jogoo akaanza kuwika. Watu wote chomboni wakacheka. Akawika mpaka Wete haionekani. Bibi simkumbuki uso siku ile, na bahari siikumbuki. Namkumbuka jogoo.

Nimeandika hivi:

*Uani kwa bibi yangu, karafuu zakauka,*
*Na hivi vidole vyangu, harufu haijatoka,*
*Jogoo kapuni mwangu, chomboni bado awika,*
*Pemba usinihesabu, mgeni niliyefika.*

Shangazi nimemwimbia. Hakusema kitu kuhusu mashairi. Ameniuliza hafla ni saa ngapi na kama kuna gari la kumrudisha Mbagala.

FundiKaseti amejibu:

Mtafutie gari, mwanangu, na akae mstari wa mbele.

Mizani nimehesabu: nane kwa nane mistari yote minne. Vina vya mwisho vimekaa. Vina vya kati, mitatu ya kwanza ni *ngu*, wa nne umetoka kwenye *bu*. Mwalimu wa mashairi atakukosoa, mimi nasema uache. Pale sauti inageuka na unaanza kusema na Pemba yenyewe, sikio linakubali.

Kuna jambo moja tu. Ukiimba "bado awika", usimwigize jogoo, na waitikiaji wasimwigize. Najua mmoja wao atataka. Watu watacheka wenyewe, kama walivyocheka chomboni, na ukiwaacha wacheke hapo, mstari wa nne utawakuta wamefungua masikio.

Mabeti mangapi? Ellan Vannin ni wimbo mfupi, usizidishe matatu. La pili liwe la hapa Dar, na hapo mimi nina neno, kwa kuwa baba yako alikuwa na fremu Kariakoo na huenda tuliuziana kaseti. Liandike, ulilete hapa kabla ya Ijumaa ili MpigaKinanda apate muda wa kulipima.

MpigaKinanda_Ilala amejibu:

Nipo. Na uniambie unaimba kwa ufunguo gani. Wale ndugu walikuwa wanapanda juu sana, usiwafuate huko. Shusha mpaka mstari wa nne uuimbe bila kukaza shingo, kisha tupange kinanda kutokea hapo.